Mbio ya kwanza ya mtoto: itumwe siku gani?

Pengine kwako nyumbani kuko kijana ambaye hachezi mchezo wa video sawa vile wenzake. Wenzake wanacheza ili washinde. Yeye alishashinda zamani. Anarudia mchezo uleule toka mwanzo, tena na tena, na kila mara macho yake yako kwenye saa: jana alimaliza kwa dakika 12, leo 11 na nusu, kesho anataka 11 kamili. Mama anashangaa: «Huyu mutoto anarudilia kintu kimoja tu, kichwa yake iko muzuri?» Baba ametoka poste ya usiku, anataka tu alale.

Kichwa chake iko muzuri. Kazi anayofanya iko na jina. Vijana wa dunia nzima wanaiita spidirani. Sisi hapa tutasema kukimbiza mchezo, maana njo hivyo ilivyo: kuumaliza mchezo kwa muda mfupi kuliko wote. Kuko orodha kubwa kwenye intaneti ambamo kila mkimbizaji anaandika muda wake na kuweka video yake kama ushahidi. Siku moja kijana atakuja na swali: «Papa, nilishamaliza jeu yote. Nitume?»

Swali hilo si dogo. Akituma kitu ambacho hakijaiva, watu wa kule watakikataa, na mtoto wa miaka 15 akikataliwa mara ya kwanza anaweza kuacha kila kitu. Akingoja sana, atakaa miaka miwili peke yake chumbani bila mtu wa kumwambia anakosea wapi. Na katikati ya hayo kuko mega za baba zinazokwisha, kuko masomo ya shule, kuko pia jina la familia. Tumeandika makala hii kwa ajili ya mzazi ambaye hajawahi kushika manette, ili siku hiyo asijibu tu «Achana na bile bintu».

Jibu letu ni hili. Mbio ya mkono itumwe mapema, hata kama ni ya polepole, mradi imekamilika, inaonekana yote na ni ya kweli. Mbio ya kuchonga ingojee kwanza. Sasa tueleze hayo moja kwa moja.

Kazi hii ilitoka wapi

Mchezo wa Doom ulitoka mwezi wa 12 mwaka 1993. Ndani yake mlikuwa na kitu kipya: mchezo uliweza kuandika kila hatua ya mchezaji katika faili ndogo, na mtu mwingine, hata akiwa nchi ya mbali, aliweza kuifungua kwake na kutazama mbio yote. Vijana wakaanza kutumiana faili hizo na kushindana. Mwaka 1996 ukatoka mchezo wa Quake, na mashindano yakapanda.

Mwezi wa 6 mwaka 1997, kikundi cha wachezaji kilitoa kazi iliyoitwa Quake done Quick. Walimaliza mchezo wote, kwenye kiwango kigumu kuliko vyote, kwa dakika 19 na sekunde 49. Watu walishangaa. Lakini mwaka uleule ikatoka kazi ya pili: dakika 16 na sekunde 35. Mwaka 2000 ikatoka ya tatu: dakika 12 na sekunde 23.

Tuangalie hizo namba. Kama wale wa 1997 wangesema «Tungojee mpaka iwe kamilifu», kazi yao ya dakika 19 ingebaki kwenye mashine zao. Waliitoa. Wengine wakaiona, wakagundua pale kuko njia ya mkato, na pale mtu anaweza kuruka ukuta. Katika miaka mitatu zikaondoka dakika 7 na sekunde 26. Kazi ya kwanza haikuwa ya mwisho, lakini bila hiyo ile ya mwisho isingekuwako.

Leo orodha inayojulikana zaidi iko kwenye speedrun.com, iliyofunguliwa mwaka 2014. Na wakimbizaji hawashindani tu. Tangu mwaka 2010 kuko mkutano unaoitwa Games Done Quick: wanakimbiza michezo usiku na mchana mbele ya watazamaji, na watazamaji wanatoa pesa za msaada. Mkutano wao wa mwaka 2019 wakati wa kiangazi cha Marekani ulikusanya zaidi ya dola milioni 3 kwa ajili ya Médecins Sans Frontières, shirika ambalo watu wa Congo wanalifahamu vizuri kwa kazi yake ya surua na kolera. Ufaransa nao wako na mkutano wao, SpeeDons, unaosaidia Médecins du Monde. Kwa hiyo mzazi asifikiri mtoto wake yuko katika upuuzi wa peke yake.

Mbio mbili, majibu mawili

Kabla ya kusema itumwe siku gani, mtoto aseme kwanza ni mbio ya namna gani.

Mbio ya mkono ni ile mtu anacheza kwa vidole vyake, mara moja, toka mwanzo mpaka mwisho. Akikosea, kosa linabaki ndani. Saa haisimami.

Mbio ya kuchonga ni kitu kingine. Mtu anachukua programu inayoiga mashine ya mchezo ndani ya kompyuta. Programu hiyo inaweza kwenda polepole, picha moja baada ya nyingine, na kila sekunde iko na picha 60. Akikosea, anarudi nyuma picha mbili, anabonyeza tofauti, anaendelea. Ni sawa na fundi anayechonga malachite: anaondoa kidogo, anatazama, anaondoa tena. Tofauti ni kwamba jiwe likivunjika limevunjika, lakini huku unaweza kurudi. Mwisho wake inatoka mbio ambayo hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuifanya. Haionyeshi wepesi wa vidole. Inaonyesha akili na uvumilivu.

Kuchanganya hizi mbili kumeleta ugomvi tangu zamani. Mwaka 2003 ilitembea kwenye intaneti video ya Mjapani anayejulikana kwa jina la Morimoto: Super Mario Bros. 3 inamalizwa kwa dakika 11 hivi, Mario anapita katikati ya hatari zote bila kuguswa. Wengi waliamini ni mikono yake. Walipojua kwamba ilichongwa picha kwa picha, kuko waliokasirika sana, wakasema wamedanganywa. Wengine waliona uzuri wake, na mwezi wa 12 mwaka uleule Mfini mmoja, Joel Yliluoma, anayejiita Bisqwit, akafungua mahali pa kuweka kazi za namna hiyo. Mahali hapo njo leo panaitwa TASVideos. Tangu hapo sheria ya kwanza ya pande zote mbili ni moja: useme kazi yako ni ya namna gani.

Mbio ya mkono: alama tatu

Watu wa mine watatuelewa upesi hapa. Mchimbaji wa mkono wa Kolwezi au Kambove hajui teneur ya magunia yake mpaka ayapeleke depo wapime. Akipeleka udongo mtupu, amepoteza pesa ya kusafirisha. Lakini akirundika magunia nyumbani mwaka mzima juu anangoja apate yenye teneur ya juu kabisa, hatajua hata kama anachimba pahali pazuri. Mwenye akili anapeleka kidogo mapema, wanapima, anarudi shimoni akijua aelekee wapi.

Mbio ya mkono njo hivyo. Orodha nyingi hazidai uwe na mbio kali ili uandikwe. Anayemaliza kwa dakika 9 mchezo ambao mabingwa wanaumaliza kwa 5 ataandikwa kwa dakika zake 9, pale chini, na hakuna aibu. Wote walianza pale. Kwa hiyo mtoto asiulize «Iko mbio ya kutosha?» Aangalie alama tatu.

Alama ya kwanza: imemalizika. Kila orodha inasema saa inaanza wapi na inasimama wapi, na inapanga mbio kwa makundi. Kuko kundi la kumaliza tu kwa njia yoyote, kuko la kukusanya kila kitu, kuko la kukataza njia fulani za mkato. Kijana asome sheria za mchezo wake kabla ya kukimbia, si baada. Aliyemaliza vizuri katika kundi ambalo hakulichagua amefanya kazi mara mbili.

Alama ya pili: inaonekana yote. Video iwe moja, bila kukatwa, toka kabla saa haijaanza mpaka baada ya kusimama. Umeme ukikatika katikati, mbio hiyo imekufa. Kuunganisha vipande viwili ni udanganyifu, hata kama nia ilikuwa nzuri. Njo maana tunamshauri anayeanza hapa kwetu achague mchezo mfupi, wa dakika 10 au 20, kuliko ule wa saa tatu. Tena orodha nyingi zinapokea mbio ya kiwango kimoja tu cha mchezo. Mbio ya sekunde 40 haiogopi umeme, na video yake haili mega. Video ya nusu saa yenye picha safi inaweza kufika mamia ya mega. Ile ya saa mbili inaweza kupita giga. Hesabu hiyo ifanywe kabla, na baba awe anajua.

Alama ya tatu njo kubwa kuliko zote, na wengi wanaisahau: mtoto aweze kueleza sekunde zake zilipotea wapi. Aangalie video ya bingwa pembeni ya video yake. Akisema «Pale kwenye daraja minapoteza sekunde nne, kwa boss minapoteza kumi, kwingine sijue», basi ameshakuwa mwanafunzi wa kazi hiyo. Atume. Akisema tu «Yeye iko na bahati», bado hajaangalia. Arudi aangalie tena, maana akituma hivyo, hata akipata shauri kwa wengine hatajua alitumie wapi.

Alama hizo tatu zikitimia, kungoja zaidi hakuna faida. Kijana anayesema atatuma siku atakapokuwa wa kwanza, mara nyingi hatumi kabisa. Tuangalie Super Mario Bros. ya mwaka 1985: mchezo ule ulikimbizwa na watu wengi miaka na miaka kabla Niftski, mwezi wa 4 mwaka 2021, hajawa mtu wa kwanza kumaliza chini ya dakika 4 na sekunde 55. Yeye mwenyewe aliandika nyakati nyingi za chini kabla ya ile. Hakuna anayeanzia juu.

Baada ya kutuma mara ya kwanza, asitume kila jioni. Wanaokagua video hizo hawalipwi. Ni wachezaji sawa na yeye, wanafanya hivyo baada ya kazi zao. Jibu linaweza kuchukua siku chache au wiki kadhaa. Atume tena akishapunguza kitu cha kueleweka. Na asishangae akiboresha mkono wake bila saa kubadilika. Katika Super Mario Bros., kwa mfano, karibu kila kiwango kinapomalizika mchezo unangoja zamu yake, na zamu inakuja kila baada ya picha 21, karibu theluthi moja ya sekunde. Ni sawa na cage ya kuteremka shimoni: ukifika mbele ya mwenzako kidogo tu, mtaingia pamoja. Lazima ufike mapema ya kutosha ili upande ile iliyotangulia.

Mtego wa mashine

Kuko jambo moja linaloumiza wanaoanza hapa kwetu, nao hawajui. Mashine za zamani za michezo zilizouzwa Ulaya zilionyesha picha 50 kwa sekunde. Za Marekani na Japani zilionyesha 60. Michezo mingi ya wakati ule haikurekebishwa, ikawa inatembea polepole kwenye mashine ya Ulaya. Tufanye hesabu: mbio ya dakika 5 kwenye mashine ya 60 ni picha 18.000. Picha hizohizo kwenye mashine ya 50 zinachukua dakika 6. Mtoto anayetumia mashine ya zamani iliyotoka Ubelgiji anaweza kukimbia vizuri kabisa na bado akaona yuko nyuma kwa dakika nzima. Mikono yake haina kosa. Asome orodha inasema nini juu ya mashine za namna hiyo. Nyingine zinaziweka pembeni, nyingine zinabadilisha hesabu.

Jambo la pili ni programu ya kuiga mashine. Huku kwetu vijana wengi hawana mashine yenyewe. Wanaweka mchezo wa zamani katika kompyuta au simu. Orodha nyingine zinakubali, nyingine zinatenga. Super Mario 64, kwa mfano, inaandika wazi mbio ipi ilifanyika kwenye mashine ya kweli na ipi kwenye programu. Kutumia programu pale inaporuhusiwa si kosa. Kosa ni kuandika «mashine ya kweli» wakati si kweli. Pale pa kuandika mashine, mtoto aandike ile iliyo mbele yake.

Mbio ya kuchonga: ngoja kwanza

Hapa jibu letu linageuka. Katika mbio ya mkono, kuwa polepole si kosa. Katika mbio ya kuchonga, muda uko mikononi mwako: unaweza kurudi nyuma kadiri unavyotaka. Kwa hiyo ukipeleka TASVideos mchezo ambao tayari mtu aliuchonga, kwa kundi lilelile, na yako ni ya polepole kuliko yake, mwamuzi ataikataa. Hana chuki na wewe. Anaandika sababu, na sababu hiyo ni somo. Lakini kama ulichonga miezi sita usiku na mchana bila kumwonyesha mtu, somo hilo litauma.

Dawa iko. Kwanza, chukua faili ya aliyekutangulia. Faili hizo ziko wazi kwa kila mtu. Ifungue katika programu yako, uilinganishe na yako kiwango kwa kiwango, picha kwa picha. Ukiwa nyuma yake kwenye kiwango cha kwanza, usiende cha pili. Tafuta kwanza kwa nini. Pili, onyesha kipande. Chonga kiwango kimoja au viwili, kionyeshe kwa wanaoujua mchezo huo, uwaulize kama kuko njia unayoikosa. Mtu akikuonyesha njia ya mkato ukiwa umechonga dakika mbili, unarudia dakika mbili. Akikuonyesha baada ya saa nzima, unaanza upya.

Kwa hiyo siku ya kutuma mbio ya kuchonga ni siku ambayo umeshamaliza mchezo wote, umeshalinganisha na iliyokuwako, wenye kujua wameshaangalia vipande vyako, na wewe mwenyewe umeshaandika maelezo ya ulichofanya. Ukichagua mchezo ambao hakuna aliyeuchonga bado, shauri ni lilelile: wengine waangalie kwanza, maana macho mawili yanachoka.

Tuseme pia uzuri wa kazi hii kwa kijana wa Lubumbashi. Haitaki vidole vya umeme. Haitaki koneksio kali. Faili ya mbio ya kuchonga haina picha wala sauti. Imeandikwa tu kwamba kwenye picha fulani mchezaji alibonyeza kulia, kwenye picha inayofuata aliruka. Mara nyingi ni nyepesi kuliko picha moja iliyopigwa kwa simu. Unaweza kuituma kwa mega chache sana. Na umeme ukikatika, kazi yako inabaki pale ulipoihifadhi, kesho unaendelea. Kitu inachohitaji ni kompyuta, hata si mpya, na uvumilivu ambao watoto wa wachimbaji wamezaliwa nao.

Jina likichafuka

Kuko njia moja tu ya kufanya mbio ya kwanza iwe ya mwisho: kudanganya.

Mmarekani Todd Rogers alijulikana tangu mwaka 1982 kwa muda wa sekunde 5,51 kwenye mchezo wa Dragster wa Atari. Uliandikwa, ukaheshimiwa miaka mingi. Mwaka 2017 mkimbizaji Eric Koziel alifungua programu ya mchezo ule, akahesabu kila kitu, akakuta kwamba mchezo wenyewe hauwezi kwenda chini ya 5,57. Mwezi wa kwanza mwaka 2018 shirika la Twin Galaxies, linaloweka rekodi hizo, likafuta nyakati zake zote. Miaka 35 ya sifa ikaondoka kwa sehemu sita za mia za sekunde.

Mfano wa pili vijana wanaujua zaidi, juu ni wa Minecraft. Mwaka 2020 mchezaji maarufu anayejiita Dream alituma mbio zake. Wakaguzi waliona bahati yake ilikuwa kubwa mno: vitu adimu vilimdondokea mara nyingi kuliko inavyowezekana. Mwezi wa 12 walitoa hesabu zao, wakafuta mbio hiyo. Yeye alikana. Mwezi wa 5 mwaka 2021 akakubali kwamba programu ya kubadilisha mchezo ilikuwa imewashwa, akasema hakuwa anajua. Alikuwa na mamilioni ya wafuasi, na haikumsaidia kurudisha muda ule.

Kama wale wakubwa waligunduliwa, mtoto wa Kenya au Kamalondo anayekata video atagunduliwa pia. Na tofauti na kosa la kawaida, ambalo mkaguzi anakwambia rekebisha, utume tena, uwongo unafunga mlango.

Mzazi aulize nini

Hauhitaji kuujua mchezo. Mtoto akija na «Nitume?», kaa naye robo saa, umuulize maswali manne.

«Nionyeshe pale inaisha.» Kama haijaisha, hakuna cha kutuma.

«Sheria ya hiyo jeu inasema nini?» Sheria nyingi ziko kwa Kiingereza, nyingine kwa Kifaransa, ni maneno machache, na kuyasoma ni masomo tosha. Akueleze kwa Kiswahili. Asipoweza kueleza, hajasoma.

«Ulipoteza wakati wapi?» Hili tulishalieleza. Jibu lake litakuonyesha kama anafikiri au anabonyeza tu.

«Video yenyewe iko wapi?» Asiifute kwenye simu au kompyuta mpaka imekubaliwa, maana wakaguzi wanaweza kuiomba tena.

Ongeza mambo mawili ya ulinzi. Kutuma mbio kwenye speedrun.com au TASVideos hakulipiwi. Mtu yeyote anayemwambia mtoto wako atume pesa kwa simu ili «rekodi iandikwe» ni mwizi. Na wakimbizaji wengi wanatumia jina la kuchagua. Mtoto naye ajichagulie jina, asiweke namba ya simu ya nyumbani, jina la shule wala sura yake kama hataki.

Na useme ukweli juu ya pesa: karibu wote wanaokimbiza michezo hawapati mshahara ndani yake. Faida yake iko pengine. Kijana anayejua kupima kazi yake kwa sekunde, kulinganisha, kusoma sheria, kupokea «hapana» na kurudi, ni kijana ambaye atelier yoyote au bureau yoyote ingemtaka.

Mwisho, kuhusu masomo. Orodha za mbio hazina tarehe ya kufunga. Mbio isiyotumwa mwezi wa 6 inaweza kutumwa mwezi wa 8, na itapokelewa vilevile. Examen d'État iko na tarehe yake, na haingojei mtu. Mtoto akiuliza atume lini na mtihani uko karibu, jibu ni rahisi: video ihifadhiwe, daftari lifunguliwe, na mbio itumwe likizo.